Mbegu, Kizingiti na Wakati: Hesabu ya Mgeuko wa Bati Ielezwavyo kwa Kiswahili

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza kwa Kiswahili jinsi wanahisabati na wataalamu wa metali wanavyoukadiria mgeuko wa awamu ndani ya vitu vya fuwele. Mfano mmoja tu ndio utakaofuatwa tangu mwanzo hadi mwisho, nao ni ule wa bati linaposhikwa na baridi. Mfano huo umechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, bati ni zao la nchi: kasiteriti, yaani jiwe litoalo bati, ilichimbwa Manono tangu zama za ukoloni, na huko Bisie, katika Kivu Kaskazini, mgodi wa mitambo ulianza uzalishaji wake mwaka 2019. Pili, mfano huu unalianika wazi tatizo la istilahi, ambalo ndilo shughuli ya wanaojihusisha na Kiswahili katika chuo kikuu.

Mwanafunzi wa sayansi nchini Kongo hufundishwa kwa Kifaransa. Huupokea mlinganyo, huukariri, na siku ya mtihani huuandika bila kosa. Lakini akiombwa aeleze kwa lugha ya nyumbani kwake ni jambo gani hasa linalotokea ndani ya metali, mara nyingi hunyamaza. Ukimya huo una maana mbili ziwezekanazo: ama lugha haina maneno, ama maneno yapo lakini hayajapangwa mahali pake. Kama ni hali ya kwanza, hakuna la kufanya ila kukopa. Kama ni ya pili, mwalimu wa lugha ana kazi ya kufanya, na hana budi kuifanya. Kurasa hizi zinatetea hali ya pili, na njia ya utetezi ni kueleza jambo lenyewe.

2. Awamu si zamu

Neno lililozoeleka katika kamusi za sayansi ni «awamu». Katika matumizi ya kila siku, awamu ni kipindi kinachofuatana na kingine: serikali ya awamu ya pili huja baada ya ile ya awamu ya kwanza, wala hazitawali pamoja. Maana hiyo humpotosha mwanafunzi. Mmarekani J. Willard Gibbs, aliyeweka msingi wa somo hili kati ya 1876 na 1878, hakuwa akizungumzia vipindi. Kwake awamu ni sehemu ya kitu iliyo sawa na nafsi yake kila mahali kwa muundo na kwa tabia, na iliyotengwa na sehemu nyingine kwa mpaka. Barafu inayoelea katika maji ni awamu moja, na maji ni awamu ya pili, ingawa zote mbili zimo katika bilauri moja kwa wakati mmoja.

Wengine wamependelea neno «hali», kwa kuwa shule hufundisha hali tatu za maada: mango, kimiminika na gesi. Neno hilo halitoshi. Bati jeupe ni mango, na bati la kijivu ni mango vilevile. Hali ni moja, awamu ni mbili. Tofauti yao imo katika mpangilio wa atomi. Kwa hiyo ni afadhali kuliacha «awamu» mahali pake, mradi mwalimu amwambie mwanafunzi tangu siku ya kwanza kwamba awamu za maada zaweza kukaa pamoja kama majirani, na kwamba neno hili halina maana ya zamu.

Neno «bati» nalo lahitaji onyo. Mabati ya paa ni chuma kilichopakwa zinki, wala hayana bati ndani yake. Bati linalozungumziwa hapa ni elementi yenyewe, metali nyeupe iliyo laini, inayoyeyuka kwenye nyuzi 232 za Selsiasi, na inayotumiwa zaidi kutengenezea lehemu ya kuunganishia nyaya na vifaa vya umeme.

3. Ugonjwa wa bati

Mnamo mwaka 1851 mkemia Mjerumani Otto Erdmann alieleza habari za filimbi za kinanda cha kanisa huko Zeitz, ambazo zilikuwa za bati na zilianza kuharibika kwa namna isiyoeleweka. Katika miaka ya 1860, huko St. Petersburg, mkemia Fritzsche alichunguza vipande vikubwa vya bati vilivyokuwa vimebomoka na kuwa unga wa kijivu baada ya baridi kali. Kuanzia 1899, Mholanzi Ernst Cohen alilichunguza jambo hili kwa utaratibu, na akaonyesha kwamba lina kizingiti cha halijoto. Watu wa Ulaya waliliita tauni ya bati, kwa sababu kipande kilichoanza kugeuka kikigusana na kizima, hukiambukiza.

Kizingiti hicho ni nyuzi 13,2. Juu yake awamu iliyo imara ni bati jeupe, chini yake ni bati la kijivu. Katika bati la kijivu kila atomi imezungukwa na atomi nne, kwa mpangilio uleule wa almasi, ambao pia ni mpangilio wa silikoni na germani, ndugu zake katika jedwali la elementi. Mpangilio huo una nafasi nyingi tupu. Densiti hushuka kutoka karibu gramu 7,3 kwa sentimita ya ujazo hadi gramu 5,8, maana yake ujazo huongezeka kwa kiasi cha asilimia 27. Hakuna metali iwezayo kuvumilia upanuzi wa namna hiyo ndani ya mwili wake. Huvimba, hupasuka, kisha huwa unga.

Hapa ndipo swali gumu linapozuka. Mjini Lubumbashi, ulio kwenye nyanda za juu, halijoto ya usiku katika miezi ya Juni na Julai hushuka mara kwa mara chini ya nyuzi 10. Basi kila kipande cha bati kilichomo mjini humo huvuka kizingiti kila mwaka. Kwa nini hakigeuki unga? Anayejua kizingiti peke yake hawezi kujibu. Kizingiti husema ni awamu ipi inayopaswa kuwapo. Hakisemi itafika lini. Kujua lini ni kazi ya modeli.

4. Mbegu na gharama yake

Mgeuko hauanzi kila mahali kwa pamoja. Huanza katika vijisehemu vidogo mno, na vijisehemu hivyo ndivyo vinavyokua. Vitabu vya Kiswahili vimezoea kuita kijisehemu kama hicho «kiini». Lakini kiini tayari ni cha atomi, tena ni cha seli, tena ni cha yai. Kifaransa cha wataalamu wa metali hapa hakisemi «noyau», bali «germe», na tendo lenyewe hukiita «germination». Kiswahili kina neno lililo tayari: mbegu. Mbegu huota au hufa, na huo ndio ukweli wa jambo hili.

Tuchukue mbegu ya bati la kijivu yenye umbo la tufe, nusukipenyo chake r. Mbegu ina faida na ina gharama. Faida ni nishati inayotolewa na kila sehemu ya ujazo inapoingia katika awamu iliyo imara, iitwe g. Gharama ya kwanza ni nishati ya kuutengeneza mpaka kati ya awamu mbili. Iitwe s kwa kila sehemu ya eneo. Gharama ya pili ni nishati ya kuisukuma metali iliyo kando ili kupisha upanuzi. Iitwe m kwa kila sehemu ya ujazo. Jumla ya mabadiliko ya nishati ni:

E = 4πr²s − (4/3)πr³(g − m)

Gharama ya mpaka hukua kwa kipeo cha pili cha r, na faida hukua kwa kipeo cha tatu. Kwa hiyo mbegu ikiwa ndogo sana, gharama huishinda faida. Ikiwa kubwa, faida huishinda gharama. Kati ya pande hizo mbili kuna kilele, nacho hupatikana pale ambapo

r = 2s / (g − m)

Mbegu isiyofika kipimo hicho huyeyuka na kurudi katika bati jeupe. Iliyokipita huendelea kukua bila kusukumwa. Kimo cha kilele chenyewe ni 16πs³ / 3(g − m)². Hicho ndicho kikwazo ambacho mtetemo wa atomi hauna budi kukivuka kwa bahati.

Sasa jibu la swali la Lubumbashi laonekana. Kwenye nyuzi 13,2 hasa, g ni sifuri, kwa kuwa awamu mbili zina thamani sawa. Chini ya hapo g huongezeka takriban kwa uwiano na idadi ya nyuzi zilizoshuka. Tuiache m kando kwa muda, tulinganishe baridi mbili: ile iliyoshuka nyuzi 3 chini ya kizingiti, na ile iliyoshuka nyuzi 43, yaani hadi karibu nyuzi 30 chini ya sifuri. Kwa kuwa kikwazo hugawanywa kwa kipeo cha pili cha g, kikwazo cha baridi ya kwanza ni kikubwa kuliko cha pili kwa (43/3)², yaani zaidi ya mara 200. Tukirudisha m, hali huwa ngumu zaidi, kwani faida ndogo ya nyuzi chache humezwa na gharama ya upanuzi. Usiku wa Juni huvuka kizingiti, lakini hauoteshi mbegu.

Hata hivyo, baridi zaidi haimaanishi kasi zaidi daima. Atomi nazo lazima zihame ili zijipange upya, na uwezo wao wa kuhama hupungua kadiri halijoto inavyoshuka. Karibu na kizingiti mbegu ni adimu. Penye baridi kali mno atomi ni nzito kuhama. Kasi kubwa kabisa hupatikana katikati, na kwa bati huwa kati ya nyuzi 30 na 40 chini ya sifuri.

5. Matone ya mvua uani

Baada ya kuota, mbegu hukua, na hatimaye hukutana. Hapo hesabu inaonekana kuwa ngumu. Kama mbegu zisingekutana, ingetosha kujumlisha ujazo wa kila moja. Lakini zikishagusana haziwezi kuendelea kukua upande ule, na haiwezekani kufuatilia mgongano wa kila jozi miongoni mwa mamilioni.

Suluhisho lilitolewa na Mrusi A. N. Kolmogorov mwaka 1937. Wamarekani W. A. Johnson na R. F. Mehl walilifikia mwaka 1939, na Melvin Avrami alichapisha lake katika makala matatu kati ya 1939 na 1941. Hila yao ni kugeuza swali. Badala ya kuuliza ni kiasi gani kimegeuka, waliuliza: nukta moja iliyochaguliwa kwa nasibu ina uwezekano gani wa kuwa haijafikiwa bado?

Fikiria ua wenye vumbi, mvua inapoanza. Matone huanguka popote, na kila doa la maji hutanuka polepole. Ziruhusu duara zote zikue kana kwamba hazizuiani, zipishane zipendavyo, hata matone yanayoanguka pale palipokwisha kulowa yahesabiwe. Jumla ya maeneo hayo yote, ikigawanywa kwa eneo la ua, iitwe J. Namba hii yaweza kuzidi 1, kwa sababu mahali pamoja huhesabiwa mara nyingi. Ni eneo la kudhania. Lakini ina maana safi: J ni wastani wa idadi ya madoa yanayoifunika nukta moja.

Kama wastani ni J, uwezekano wa nukta kutofunikwa hata mara moja ni upi? Chukua J kuwa 1, na uigawe bahati hiyo katika nafasi ndogo 10, kila moja ikiwa na uwezekano wa 0,1. Uwezekano wa kuziepuka zote ni 0,9 kwa kipeo cha 10, yaani 0,349. Kwa nafasi 100 ni 0,366; kwa nafasi 1000 ni 0,368. Namba hiyo inatulia kwenye e kwa kipeo cha −1, ambapo e ni karibu 2,718. Kwa ujumla, uwezekano wa kubaki mkavu ni e kwa kipeo cha −J. Basi sehemu iliyogeuka, X, ni:

X = 1 − e^(−J)

Tukirudi kwenye bati, ua huwa ujazo na duara huwa tufe. Ikiwa mbegu mpya I huota katika kila sehemu ya ujazo kwa kila sehemu ya wakati, na mpaka wa kila mbegu husonga kwa mwendo u usiobadilika, basi kwa wakati t:

J = (π/3) I u³ t⁴

Kipeo cha 4 hakikutoka hewani. Tatu ni za pande tatu za anga ambazo tufe hukulia. Moja ni ya mbegu zinazoendelea kuongezeka kadiri wakati unavyopita. Kama mbegu zote zingekuwapo tangu mwanzo na mpya zisiote, kipeo kingekuwa 3. Kwa hiyo anayepima X kwa nyakati mbalimbali, kisha akachora logi ya J dhidi ya logi ya t, hupata mstari ulionyooka, na mwinamo wake humdokezea jinsi mbegu zilivyoota. Ni dokezo tu, wala si ushahidi kamili, maana njia tofauti zaweza kuzaa mwinamo mmoja.

6. Hatari ya kufikiri kwa mstari ulionyooka

Faida ya mlinganyo huu huonekana mtu anapoutumia kutabiri. Uitwe T ule wakati ambapo J hufikia 1. Kwa kipeo cha 4, nusu ya wakati huo inapotimia, J ni 1/16, na sehemu iliyogeuka ni asilimia 6. T ikitimia, ni asilimia 63. Wakati ukifika T na nusu yake, ni zaidi ya asilimia 99.

Mkaguzi aliyekuta asilimia 6 tu huweza kusema kwamba kitu kiko salama: ikiwa muda wote uliopita umekula asilimia 6, muda kama huo tena utakula 6 nyingine. Modeli inamwambia kwamba muda kama huo tena utakifikisha asilimia 63, na ukiongezwa mwingine kama huo, karibu hapatabaki kitu. Haba na haba hujaza kibaba kwa mwendo ulio sawa. Mbegu hazijazi hivyo. Wale waliosimulia kwamba kinanda kilikuwa kizima kwa miaka, kisha kikaharibika ghafla, hawakusema uongo. Mgeuko haukuwa wa ghafla. Ulichukua muda mrefu kuonekana.

Jambo hili si la makanisa ya kale tu. Tangu Julai 2006 sheria za Umoja wa Ulaya zimezuia matumizi ya risasi katika vifaa vingi vya umeme, kwa sababu risasi ni sumu. Lehemu ya zamani ilikuwa mchanganyiko wa bati na risasi, na risasi hiyo ilizuia pia mgeuko wa bati. Lehemu nyingi za sasa ni bati kwa sehemu kubwa sana. Kifaa kinachokaa miaka mingi penye baridi kali hulazimu kuulizwa swali lilelile la Zeitz. Kiasi kidogo cha bismuthi au antimoni huchelewesha mgeuko, na kujua kiasi kinachotosha ni suala la vipimo na la modeli kwa pamoja.

7. Mipaka ya modeli

Mlinganyo wa Kolmogorov na wenzake una masharti. Unadai mbegu ziote popote kwa nasibu, mwendo u usibadilike, na kipande kiwe kikubwa mno kikilinganishwa na mbegu. Bati halitii masharti yote. Mbegu zake hupendelea uso wa metali na mahali palipokwaruzwa au kupindwa. Upanuzi hupasua njia, na mpasuko huleta nyuso mpya. Mwaka 1956 John W. Cahn alionyesha jinsi hesabu inavyobadilika mbegu zikiota kwenye mipaka ya punje za fuwele tu. Mwaka 1958, pamoja na John Hilliard, aliandika nishati ya kitu ambacho mpaka wake si mstari mkali bali ni ukanda wenye unene. Kutoka katika fikra hiyo zilikua modeli za sasa za kompyuta, ambamo kila nukta ya kitu hupewa namba: 0 ikiwa awamu ya zamani, 1 ikiwa awamu mpya, na thamani za kati penye mpaka. Kompyuta haifuatilii mpaka. Hufuatilia namba hiyo, na mpaka hujitokeza wenyewe.

8. Hitimisho

Maelezo yaliyotangulia hayakuhitaji maneno mengi ya kukopa. Fuwele, mbegu, kizingiti, mpaka, kipeo, nasibu: yote yalikuwapo. Mahali pamoja Kiswahili kimeonekana hata kuwa na upambanuzi ambao Kifaransa hakiulazimishi. Neno «transformation» hutumika kwa mhunzi anayeigeuza metali na kwa metali inayogeuka yenyewe. Kiswahili hutenga kugeuza na kugeuka, na kutokana na vitenzi hivyo hupatikana nomino mbili, ugeuzaji na mgeuko. Mwanafunzi anayetumia la pili tayari amekwisha sema kwamba bati halikuguswa na mkono wa mtu. Vivyo hivyo, «iliyogeuka», «inayogeuka» na «isiyogeuka bado» hutaja sehemu tatu za kipande kimoja, yaani X, mpaka, na salio, bila kuhitaji istilahi ya ziada.

Inapendekezwa basi kwamba «awamu» ibakizwe lakini ifafanuliwe. Kwamba «kiini» kiachiwe atomi na seli, na «mbegu» itumike katika mgeuko. Na kwamba «mgeuko» na «ugeuzaji» visichanganywe. Inapendekezwa pia kwamba idara za lugha zisingoje kamusi ikamilike ndipo zikutane na idara za sayansi. Njia iliyo fupi ni kuchukua mlinganyo mmoja, kumwomba mwanafunzi aueleze kwa Kiswahili mbele ya mwalimu wa fizikia na mwalimu wa lugha, na kuandika kila mahali aliposita. Orodha ya mahali hapo ndiyo itakayoonyesha ni istilahi zipi zinazokosekana kwa kweli, na zipi zilizokuwapo lakini hazikuitwa.